Uvira: Polisi wakitoweka, nani analinda mtaa?

Katikati ya mwezi wa Februari 2025, siku chache baada ya M23 kuteka Bukavu, wakaaji wa Uvira waliamka katika mji usio na mlinzi. Wanajeshi wa FARDC waliokimbia mapigano waliteremka kwa barabara ya Kamanyola na Sange, na walipofika mjini wakarushiana risasi na Wazalendo waliotaka waache silaha zao. Wafungwa walitoka gereza la Mulunge. Viongozi wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Maelfu ya watu walivuka mto Ruzizi kwenda Burundi, na wengine walipanda mashua kuelekea Kalemie.

Miezi kumi baadaye hofu ilirudi. Tarehe 10 Disemba 2025, M23 waliingia Uvira. Januari 2026 waliondoka, jeshi la serikali na Wazalendo wakarudi, na kabla hali haijatulia nyumba na maduka yalikuwa yameporwa. Ndani ya mwaka mmoja tu, mkaaji wa Mulongwe au wa Kavimvira aliona vikundi mbalimbali vyenye bunduki vikipokezana mji, kila kimoja kikisema kimekuja kumlinda.

Kwa hiyo Uvira ina la kusema juu ya swali ambalo miji mingine ya dunia inalijadili kwa maneno: je, raia wanaweza kujilinda wenyewe bila polisi?

Hoja ilipotoka

Swali hilo lilipata nguvu baada ya tarehe 25 Mei 2020, siku ambayo polisi wa mji wa Minneapolis, Marekani, alimuua George Floyd kwa kumkandamiza shingo kwa goti zaidi ya dakika tisa. Wengi katika baraza la mji waliahidi kuvunja kikosi hicho. Lakini mwezi wa Novemba 2021, wapiga kura walipoulizwa kama idara mpya ya usalama wa jamii ichukue nafasi ya polisi, walio wengi walikataa.

Wanaotetea wazo hilo hawasemi wezi waachwe watambe. Wanasema polisi hufika baada ya ubaya kutendeka. Wanasema mtu mwenye bunduki si dawa ya mlevi anayepiga kelele, ya mgonjwa wa akili, ya deni au ya ugomvi wa mpaka wa shamba. Na wanasema pesa inayokwenda kwenye silaha na makasho ingeleta usalama mkubwa zaidi kama ingetumika kwa maji, taa, shule na wapatanishi wa mtaa.

Mkaaji wa Kivu Kusini anaweza kuipokea hoja hii haraka, kwa sababu ya historia. Force publique, iliyoundwa katika miaka ya 1880 chini ya Mfalme Léopold wa Pili, haikuletwa kumlinda mwanakijiji. Ililetwa kumlazimisha atoe mpira, kodi na nguvu zake. Mobutu aliingiza polisi ndani ya jandarmeri mwaka 1972, na polisi ya taifa tunayoijua leo, PNC, ilizaliwa baada ya utawala wake kuanguka mwaka 1997. Katiba ya 2006 inaipa kazi ya kulinda watu na mali zao. Lakini polisi anayepata mshahara mdogo, tena kwa kuchelewa, hutafuta chakula chake barabarani.

Mwaka 2017 shirika la IPIS la Ubelgiji lilihesabu bariyeri 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Nyingi zilikuwa za watu wenye sare za serikali, nyingine za makundi yenye silaha. Mama anayepeleka ndagala sokoni na motari anayebeba abiria hawahitaji kusomewa ripoti hiyo. Wanailipa kila siku.

Mlinzi asipokuja, au akija kwa risasi

Gharama haiishii kwenye pesa. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, huko Mutarule karibu na Sange, watu wasiopungua 30 waliuawa, wengi wao Bafuliru waliokuwa wamekusanyika kwa ibada. Jeshi na MONUSCO walikuwa kilomita chache kutoka hapo. Walipewa habari, lakini hawakufika kuokoa watu.

Tarehe 15 Septemba 2017, huko Kamanyola, vikosi vya usalama vilifyatua risasi juu ya wakimbizi wa Burundi waliokuwa wakidai wenzao waliokamatwa waachiliwe. Waliokufa walizidi 30. Na Septemba 2025, mjini Uvira penyewe, watu waliuawa kwa risasi wakati wa maandamano ya kupinga kuletwa kwa Jenerali Olivier Gasita.

Mtu akiweka matukio haya pamoja, anaelewa kwa nini wengine husema: afadhali tusiwe nao kabisa.

Lakini kuondoka si kujenga

Hata hivyo, yaliyotokea mwaka 2025 yanaonyesha upande wa pili. Wenye sare walipokimbia, usalama wa jamii haukuzaliwa peke yake. Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, walinzi waliacha gereza la Munzenze. Wanawake waliofungwa humo walibakwa, na zaidi ya mia moja walikufa katika moto. Katika miji ya Goma na Bukavu, wiki zilizofuata zilileta visa vya watu kupigwa na kuchomwa moto kwa kushukiwa tu kuwa wezi. Umati hauulizi ushahidi, na aliyechomwa hawezi kukata rufaa.

Mwaka 2021, katika teritware za Kalehe, Kabare na Walungu, wanawake wanane waliuawa katika mwezi mmoja wa Septemba kwa kushitakiwa uchawi. Waliowaua walikuwa watu wa vijiji vyao, na wengi katika wauaji waliamini kwamba wanaisafisha jamii.

Kisha kuna Wazalendo. Makundi mengi yanayobeba jina hilo yalianza kama ulinzi wa kijiji. Vijana walichukua silaha kwa sababu serikali haikufika. Leo kuna raia wanaowasifu kwa kusimama wakati jeshi lilikimbia, na kuna raia, mara nyingine ndani ya familia moja, wanaolalamika kwamba wanatozwa makuta kwenye bariyeri zao. Njia yao inafundisha jambo moja wazi: ulinzi wa jamii ukishika bunduki na kuanza kutoza, unageuka kile kile ambacho watu walikuwa wanakikimbia.

Swali la nani yumo ndani ya jamii ni zito zaidi. Uvira na uwanda wa Ruzizi ni makao ya Bavira, Bafuliru, Barundi, Babembe, Banyamulenge na wengine. Banyamulenge waliokimbia Uvira mwaka 2004 walifuatwa hadi kambi ya Gatumba, ng'ambo ya mpaka, na usiku wa tarehe 13 Agosti zaidi ya 150 waliuawa. Gatumba na Mutarule zina waathirika wa makabila mbalimbali, lakini zinafanana. Kikundi cha ulinzi cha kabila moja, jirani wa kabila lingine hukiona kama jeshi la adui.

Somo kutoka ng'ambo ya ziwa

Tanzania imejaribu njia hii kwa muda mrefu. Miaka ya 1981 na 1982, Wasukuma na Wanyamwezi walianzisha sungusungu kuzuia wizi wa ng'ombe na ujambazi, wakati silaha zilikuwa zimeenea baada ya vita vya Kagera. Walitumia pinde na mishale, na mbiu iliyopigwa kijiji kizima kisikie. Wizi ulipungua sehemu nyingi. Lakini washukiwa walipigwa, na wanawake walioitwa wachawi walifukuzwa au kuuawa. Serikali iliwaingiza sungusungu katika sheria mwaka 1989, na mjadala juu ya mipaka ya kazi yao haujaisha.

Watu wengi wa Fizi na Uvira wanawajua sungusungu kwa macho yao. Katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyopokea wakimbizi wa Kongo tangu vita vya 1996, wakimbizi wenyewe, wanaume na wanawake, hufanya doria wakiitwa sungusungu. Hawabebi bunduki. Ugomvi mdogo hupatanishwa kambini, na makosa makubwa hupelekwa kwa polisi wa Tanzania. Mpango huo una kasoro zake, lakini umewazoesha Wakongo wengi wazo la mlinzi ambaye ni jirani, asiye na silaha, na anayejua kazi yake inaishia wapi.

Kinacholinda mtaa tayari

Uvira haianzi na mikono mitupu. Kuna mashefu wa avenyu wanaojua nani amehamia nyumba gani. Kuna makanisa na misikiti, vyama vya motari na vya wavuvi, na vikundi vya akina mama wanaoweka akiba pamoja. Katika miji ya Kivu, wezi wakivunja mlango usiku, watu hupiga filimbi na masufuria mpaka mtaa wote uamke. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 na kuua makumi ya watu, majirani na wajitolea wa Msalaba Mwekundu walikuwa kati ya wa kwanza kuingia matopeni.

Usalama mwingine hauna sare kabisa. Uvira inajulikana kwa kipindupindu kinachorudi mara kwa mara. Familia isiyo na maji ya bomba inamtuma msichana ziwani au mtoni na dumu, alfajiri au jioni giza likiingia. Bomba karibu na nyumba linamwepusha na ugonjwa, na pia linamwepusha na mtu anayemvizia njiani. Vivyo hivyo taa ya barabarani. Waya wa umeme wa Ruzizi unapofika kwenye kartie, mwizi anapoteza giza lake.

Hapa hoja ya wanaotaka polisi ipunguzwe ina nguvu kubwa. Bomba na taa huzuia ubaya kabla haujatokea, wakati kasho hungoja mpaka mtu ameumia.

Mahali jirani hatoshi

Lakini kuna kesi ambazo jirani hawezi kuzimaliza. Msichana akibakwa, mara nyingi familia mbili hukaa na wazee, mbuzi au pesa hutolewa, na mambo huitwa yamekwisha. Aliyeumia hakuulizwa. Sheria za Julai 2006 juu ya ubakaji zinakataza kesi kama hiyo kumalizwa kwa faini.

Fizi iliona njia nyingine. Siku ya Mwaka Mpya 2011, wanajeshi walishambulia mji huo na kubaka makumi ya wanawake. Mahakama ya kijeshi ilisafiri hadi Baraka, kandokando ya ziwa, na wanawake wakaja kutoa ushahidi. Tarehe 21 Februari, chini ya miezi miwili baadaye, Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa miaka 20 gerezani pamoja na baadhi ya askari wake. Hakuna shefu wa avenyu ambaye angeweza kumkamata kanali. Lakini pia mahakama isingeweza lolote bila ujasiri wa wanawake wale na watu waliowasindikiza.

Sheria ya Kongo ina mlango wa kuunganisha pande hizi mbili. Baada ya miaka ya majaribio ya polisi wa karibu na raia huko Bukavu, Kananga na Matadi, na chini ya sheria ya polisi ya tarehe 11 Agosti 2011, yaliundwa mabaraza ya usalama wa karibu yanayojulikana kwa herufi CLSP. Humo meya au shefu, polisi na wawakilishi wa wakaaji hukaa meza moja kupanga usalama wa mahali pao. Baraza kama hilo likiwa hai, polisi analazimika kueleza mbele ya watu kwa nini doria haikupita na kwa nini fulani amewekwa kasho.

Kutokana na yote haya, masharti ya ulinzi wa jamii yanaonekana. Walinzi wasibebe bunduki. Wasitoze faini wala kumfunga mtu. Kila kabila la mtaa liwemo, na wanawake wawemo kwa idadi ya kweli. Damu na ubakaji viende mahakamani. Na makuta yanayochangwa yahesabiwe hadharani. Bila masharti hayo, jina zuri la ulinzi wa jamii litakuwa koti jipya la bariyeri ya zamani.

Kuvunja polisi, basi, si hatua ya kwanza kwa Uvira, kwa kuwa mji huu umekwisha kuwaona wakitoweka usiku mmoja, na waliolipa bei kubwa ni wale wasio na nguvu. Hatua ya kwanza ni kuimarisha vitu vinavyobaki wenye bunduki wanapoondoka: shefu anayeaminika, bomba, taa, filimbi, na jirani wa kabila lingine anayefungua mlango wake. Mtaa wenye vitu hivyo utamhitaji polisi kwa mambo machache. Na ukimhitaji, utakuwa na nguvu ya kumwuliza alikuwa wapi.