Riwaya ya Pumwani na somo la ploti

WANAFUNZI wa fasihi wanapoulizwa waeleze ploti ya riwaya, aghalabu husimulia kisa chote, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kosa hilo huwapotezea alama na, baya zaidi, huwanyima utamu wa kazi yenyewe.

Kisa ni matukio jinsi yanavyofuatana kiwakati. Ploti, ambayo wengine huiita msuko, ni namna mwandishi alivyoyapanga matukio hayo hata moja likazaa jingine.

Chukua mfano wa "Coming to Birth", riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye iliyochapishwa mwaka wa 1986, ambayo inaanzia mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Paulina, msichana wa miaka 16 aliye mja mzito, anawasili kwa garimoshi mnamo 1956 ili aishi na mumewe, Martin, mtaani Pumwani. Mimba inaharibika na anapelekwa hospitalini. Anapotoka huko anapotea njia, na anaporejea hatimaye, mumewe anampiga.

Hicho ni kisa. Msomaji akiuliza ni kwa nini kupotea njia kulete kipigo, ameingia katika ploti, na jibu atalipata katika mandhari.

Mandhari si mahali tu. Ni wakati pia, pamoja na hali ya maisha ya wakati huo. Mwaka wa 1956 Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari. Miaka miwili awali, Aprili 1954, serikali ya kikoloni ilikuwa imeuzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Anvil na kuwatia maelfu ya wakazi kizuizini. Katika mji kama huo, mke mgeni asiyeonekana nyumbani huzua hofu na shaka. Hebu ihamishie riwaya hii Buruburu ya leo, ambako Paulina angemwomba mpita njia simu ya mkononi: ploti yote inaporomoka.

Msimulizi naye asichanganywe na mwandishi. Macgoye alizaliwa Southampton, Uingereza, mwaka wa 1928, akaja Kenya 1954 na kuolewa katika jamii ya Waluo. Anayesimulia, hata hivyo, ni sauti ya nafsi ya tatu, nayo haina pasipoti wala ukoo. Mtahiniwa anayeandika kwamba "Macgoye alipotea Pumwani" amekosea mara mbili.

Kinaya ni pale mambo yanapogeuka kinyume cha matarajio. Lawama ya kukosa mtoto inamwangukia Paulina, ilhali ni yeye anayejifungua mwana kwa mwanamume mwingine, huku Martin akitangatanga kwa wanawake bila kupata mtoto.

Maudhui ni jumla ya mambo yanayozungumziwa: ndoa, uzazi, ukoloni, uhuru. Dhamira ni lengo linaloyafunga pamoja. Hapa kuna mwanamke anayejifunza kujisimamia huku nchi nayo ikijifunza vivyo hivyo. Ndiyo maana mwanawe Paulina anauawa kwa risasi katika ghasia za Kisumu za 1969, mauaji yaliyotokea kweli katika historia ya Kenya.

Riwaya inafika ukingoni Paulina akiwa mja mzito tena. Mtoto huyo hazaliwi kabla ya ukurasa wa mwisho.