Mazoezi Hushinda Nguvu: Ustadi wa Wavuvi wa Mto Spey

Huko Uskoti upo mto uitwao Spey, wenye urefu wa kilometa 170 hivi, mashuhuri kwa samaki aina ya samoni. Kandokando ya mto huo ndiko ulikozaliwa, katika karne ya 19, ustadi wa kutupa mshipi ambao leo hujulikana kwa jina la mto wenyewe.

Chambo cha wavuvi hao ni ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi. Haina uzito, kinachoipeleka mbali ni mshipi mnene. Kwa kawaida mvuvi huurusha mshipi nyuma kwanza, ndipo autupe mbele. Lakini kingo za Spey zina miti na miinuko, na mshipi urushwao nyuma hunasa matawini. Haja ndiyo iliyowafundisha njia nyingine.

Mvuvi hushika ufito mrefu kwa mikono miwili. Huuinua mshipi polepole, kisha huuzungusha kando, ncha yake iguse maji karibu naye na sehemu iliyobaki ipinde nyuma yake kama upinde. Maji huishika ile ncha, ufito hujipinda, naye huusukuma mbele na kuusimamisha ghafla.

Anayejifunza hukosea kwa kutumia nguvu nyingi na mshipi mrefu mno. Heri aanze na mshipi mfupi, afunge kipande cha sufi badala ya ndoana, na arekebishe kosa moja kwa wakati mmoja. Mkono wa chini uvute kuelekea tumboni; wa juu uongoze tu. Haraka haraka haina baraka.

Tena asidharau upepo. Upinde wa mshipi sharti uwe upande ule ambao upepo unaelekea, usije ukaipeleka ndoana usoni. Kofia na miwani si mapambo: jicho likitoboka halina badala.

Mwaka 2023 wataalamu wa hifadhi ya viumbe duniani waliwaweka samoni wa Atlantiki miongoni mwa viumbe wanaokaribia hatari ya kutoweka. Wavuvi wengi wa Spey huwarudisha majini samaki wawapatao. Mvuvi wa namna hiyo harudi nyumbani na kitoweo. Hurudi na ustadi alioupata kwa subira, nao anaweza kumrithisha mwanawe bila kuupunguza mto.