Mpira wa Wanawake na Majina Yake katika Pwani ya Bagamoyo

Sarufi ya Kiswahili haimtengi mwanamke na mwanamume. Mchezaji ni mchezaji, mlinda mlango ni mlinda mlango, mwamuzi ni mwamuzi. Kiambishi cha ngeli chaonyesha utu tu, wala hakionyeshi jinsia ya mtu. Hata nahodha, neno la baharini lenye asili ya Kiajemi, ambalo katika bandari kama ya Bagamoyo lilimtaja mkuu wa jahazi, naye siku zote akawa mwanamume, limepanda nchi kavu na kuingia uwanjani bila ya kubadilika: nahodha wa timu aweza kuwa mume au mke. Sentensi "Nahodha amefunga bao la pili" haina neno lolote la kumjulisha msikilizaji kama mfungaji ni Fatuma au Juma. Lakini msikilizaji huyo, awe Dunda au kwingineko, atadhani mara moja kuwa ni Juma. Dhana hiyo haikutoka katika sarufi. Makala haya yakusudia kuonyesha ilikotoka, na jinsi majina ya timu yanavyoeleza nafasi waliyopewa wanawake kando ya klabu za wanaume.

Dunda ni mojawapo ya kata za mji wa Bagamoyo. Mpira unaochezwa katika mitaa ya namna hiyo, kama katika miji mingine ya pwani, huitwa wa mchangani. Neno hilo kwanza lataja uwanja usio na majani, na katika mji uliokaa ufukweni maana hiyo ni ya kweli kabisa. Siku hizi lataja zaidi daraja la mchezo, yaani mpira wa timu zisizo katika ligi za juu za shirikisho. Jirani zake ni chandimu, mpira wa watoto na wa kujifurahisha usiofuata sheria zote, na ndondo, mashindano ya mtaa kwa mtaa ambayo zawadi yake huweza kuwa fedha, jezi au mbuzi. (Mpira hudunda, na mwenye kupenda kucheza na maneno atashawishika kuunganisha kitenzi hicho na jina la kata. Yafaa ajizuie: kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa asili ya jina.)

Klabu ya mchangani si wachezaji kumi na mmoja tu. Ni maskani ya vijana, ni mfuko wa kuchangiana katika harusi na msiba, ni seti moja ya jezi inayotunzwa nyumbani kwa mtu, ni mlezi ambaye aghalabu ni mfanyabiashara au mwanasiasa, na zaidi ya yote ni saa za uwanja. Jua linapopungua, tangu saa kumi mpaka magharibi, uwanja wa mtaa una wenyewe, nao wanajulikana. Wasichana wanaotaka kucheza mara nyingi hawakatazwi kwa neno. Hukuta tu kwamba saa zilizosalia ni za jua kali au za giza, na kwamba saa hizo za alasiri ndizo ambazo nyumbani wanangojewa kuteka maji na kuwasha moto.

Neno mpira lenyewe limebeba mgao huo. Mpira ni utomvu wa mti, kisha ni kitu cha kuchezea, kisha ni mchezo. Na mtu akisema anakwenda mpirani hana haja ya kuongeza "wa miguu". Kinachohitaji nyongeza ni mpira mwingine: wa kikapu, wa mikono, wa wavu, wa pete. Huu wa mwisho, uitwao pia netiboli, kwa muda mrefu ndio uliokuwa fungu la wasichana shuleni, na desturi ya shule ikakaa ndani ya lugha. Msichana alipoanza kucheza mpira usio na nyongeza, nyongeza ilitafutwa ikapatikana: mpira wa wanawake. Ni nadra kumsikia mtu akisema mpira wa wanaume, ila akiwa amekwisha kutaja ule wa wanawake.

Nyongeza hiyo ina sura mbili, na tofauti yake si ndogo kama inavyodhaniwa. "Mpira wa wanawake" hutaja wachezao. "Mpira wa kike" una kiambishi ki- cha namna, kile kile kilichomo katika kitoto na kizee, nacho chaelekea kusema jinsi mchezo unavyochezwa. Mtangazaji asemaye "timu ya kike" huenda hakusudii ubaya wowote, lakini amechukua neno ambalo kinyume chake, kiume, hutumika kuwa sifa: amejikaza kiume, wamepigana kiume. Timu ya wanaume iliyolegea husemwa imecheza kama wanawake, na timu ya wanawake iliyoshinda kwa nguvu husifiwa kuwa imecheza kama wanaume. Mchezaji mwanamke amewekwa kati ya maneno mawili mabaya, kwani akishindwa ameshindwa kwa kuwa ni mwanamke, na akishinda huitwa jikedume.

Mwezi wa Agosti 2021 jambo hili lilifika mpaka Ikulu. Rais Samia Suluhu Hassan, akiwapokea vijana wa timu ya taifa ya wanaume wa chini ya miaka 23 waliotwaa kombe la CECAFA, aliwagusia wachezaji wanawake, akasema wapo wenye vifua bapa hata mtu aweza kuwadhani wanaume, na kwamba hali hiyo yawapunguzia nafasi ya kuolewa. Katika hotuba hiyo hiyo aliuliza pia maisha yao yatakuwaje miguu itakapochoka. Kauli ya kwanza ilipingwa na wengi, ndani na nje ya nchi. Lile swali la pili likafunikwa nayo, ingawa ndilo lililokuwa zito zaidi.

Uzito wake waonekana katika majina ya timu. Ligi Kuu ya Wanawake ya Tanzania ilianza msimu wa 2016/17, na bingwa wake wa kwanza hakutoka Msimbazi wala Jangwani. Alikuwa Mlandizi Queens, timu ya mji mdogo wa mkoa wa Pwani, mkoa ambao Bagamoyo pia imo, na barabara ya Makofia yaiunganisha miji hiyo miwili. Misimu miwili iliyofuata ubingwa ulichukuliwa na JKT Queens, timu ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo uwanja wake wa Meja Jenerali Isamuhyo upo Mbweni, upande wa kaskazini wa Dar es Salaam, ndio upande wa kuendea Bagamoyo. Basi kwa miaka mitatu ya mwanzo mtu wa Dunda aliyetaka kuwaona mabingwa wa nchi hakuhitaji kwenda mbali. Baadaye ikaja Simba Queens, ikashinda mara tatu mfululizo tangu 2019/20, na mwaka 2022 ikawa ya nne katika Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Afrika iliyochezwa Morocco.

Majina haya matatu yameundwa kwa kanuni moja. Sehemu ya pili yataja jinsia, nayo ni neno la Kiingereza la kifalme. Sehemu ya kwanza yataja mwenye timu. Katika Mlandizi Queens mwenye timu ni mji. Katika JKT Queens ni taasisi. Katika Simba Queens ni klabu ya wanaume, iliyoanzishwa mwaka 1936 na kuitwa Sunderland kabla ya kuchukua jina la Simba mwaka 1971. Mtani wake, Yanga, amechagua Princess, tena katika umoja, ijapokuwa wachezaji ni wengi. Kiswahili hakikujali, kwa sababu upatanisho hufuata neno timu lililofichika: Yanga Princess imeshinda, Simba Queens imeshinda. Matumizi ya maneno ya kigeni yenyewe si jambo la kulaumiwa sana. Young Africans na Sunderland nayo hayakuwa majina ya Kiswahili. La kuangaliwa ni ile sehemu ya kwanza.

Klabu kubwa huleta vitu ambavyo mji mdogo hauna: mshahara, daktari, usafiri, watazamaji wenye mapenzi ya zamani. Tena Shirikisho la Mpira la Afrika limeweka sharti kwamba klabu ya wanaume itakayo kushiriki mashindano yake iwe na timu ya wanawake, jambo lililowafungulia wasichana wengi mlango. Lakini timu iliyozaliwa ili kutimiza sharti la timu nyingine ni tawi, na tawi hukatwa pale mti unapopunguzwa gharama. Jina lake laeleza hali hiyo waziwazi: ukiondoa sehemu ya jinsia, inayobaki ni timu ya wanaume.

Katika timu za taifa mambo yana sura nyingine, na hapa mtafiti wa lugha hupata mfano mzuri kuliko yote. Timu ya wanaume ni Taifa Stars. Ya wanawake ni Twiga Stars, iliyocheza fainali za Afrika mwaka 2010 na tena Morocco mwaka 2025. Hakuna jina kati ya hayo linalotaja jinsia. Ila wanaume wamepewa taifa lenyewe, na wanawake wamepewa mnyama wa taifa. Kenya ina Harambee Stars na Harambee Starlets, yaani nyota na vinyota, na kila mjuzi wa Kiswahili ajua kwamba udogo wa ngeli ya ki-vi huweza kuwa dharau. Jozi iliyo sawa ni moja tu: Serengeti Boys na Serengeti Girls, timu za chini ya miaka 17, ambamo wavulana nao wametiwa alama ya jinsia. Na hao Serengeti Girls ndio waliofika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini India mwaka 2022.

Isidhaniwe kwamba mwanamke kuwa tawi la chama cha mwanamume ni mila ya pwani. Historia yasema kinyume. Vyama vya lelemama vya Mombasa, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilikuwa vya wanawake wenyewe, vyenye viongozi wao, sare zao na wapinzani wao. Unguja ilikuwa na vyama vya taarabu vya wanawake, Sahib el-Ari na Nuru el-Uyun. Bibi Titi Mohamed, alipoanza kuwaita wanawake wa Dar es Salaam waingie TANU mwaka 1955, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, na alipita katika vikundi vya namna hiyo kwa sababu vilikuwa tayari na wanachama, michango na utii. Wanawake hao walishindana wao kwa wao, na majina ya vyama vyao yalijitosheleza.

Hata hivyo jina la kujitegemea halitoshi. Dick, Kerr Ladies, timu ya wafanyakazi wa kiwanda cha Preston nchini Uingereza, ilivuta watazamaji wapatao 53,000 katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool, mwezi wa Disemba 1920. Mwaka uliofuata Chama cha Mpira cha Uingereza kilizikataza klabu wanachama wake kuwapa wanawake viwanja, na katazo hilo likadumu takriban miaka 50. Chama hakikuwa na haja ya kuifuta timu; kilichukua uwanja tu.

Katika mtaa kama Dunda mambo hayo mawili, jina na uwanja, ndiyo ya kuangalia. Klabu ya mchangani yaweza kuwaachia wasichana alasiri mbili za juma bila ya kuwafanya tawi lake, nao wasichana waweza kujipa jina, kuchagua nahodha na kufungua daftari lao la michango, kama walivyofanya bibi zao katika ngoma. Yanapokosekana yote mawili, hubaki timu ya siku ya bonanza: huvaa jezi za kuazima zenye majina ya wanaume migongoni, hucheza muda mfupi kabla ya mechi yenyewe, na katika kipaza sauti hutajwa kuwa "timu ya akina dada".