Kontena la Mungaa na saa ya Greenwich

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kontena. Sisemi lile la bandarini Kurasini, wala lile lililotobolewa dirisha likawa duka la soda mtaani kwako. Kontena la leo halishikiki kwa mkono, ila linaweza kukumalizia fedha vilevile.

Mwanzoni mwa Mei 2024 nilikuwa nyumbani Mungaa, wilaya ya Ikungi mkoani Singida, msimu wa kuvuna alizeti. Nina mpwa wangu pale, kijana fundi wa simu na kompyuta, mwenye kibanda kando ya njia. Nilimkuta amenuna. “Mjomba,” akaniambia, “bando la usiku linabaki, la mchana linaliwa. Nimeuza magunia mawili ya alizeti kununua bando, na sijui anayekula ni nani.”

Kwanza nieleze alichokuwa akifanya. Wateja wake wengi hawana intaneti ya kutosha, hivyo yeye huvuta programu huria na masomo ya ufundi ambayo wenyewe wameruhusu yagawiwe bure, kisha huwawekea watu kwenye fleshi. Alikuwa akivuta mizigo hiyo kupitia Usenet.

Usenet ni mkongwe. Ulibuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, ukaanza kutumika mwaka 1980. Wakati huo kompyuta hazikuwa hewani saa zote. Moja ilimpigia mwenzake simu, aghalabu usiku ambapo simu ni nafuu, zikabadilishana barua za mijadala, kisha zikakata. Barua ilisafiri kwa kupokezana, kituo hadi kituo, mfano wa mzigo unaopandishwa basi hili na kushushwa lile. Huku kwetu mtindo wa kupokezana haukuwa mgeni. Katika miaka ya 1990 madaktari wa Afrika Mashariki, wa Tanzania wakiwamo, walipata barua na majarida ya tiba kupitia mtandao wa HealthNet wa shirika la SatelLife, ambao ulikuwa na setilaiti yake ndogo, HealthSat-2, iliyorushwa mwaka 1993. Setilaiti ilipopita juu ya kituo ilimwaga barua na kuzoa nyingine, ikaenda zake.

Wengi wanadhani Usenet umekufa, hasa baada ya Google kuacha kupokea barua mpya za Usenet katika huduma yake ya Groups tarehe 22 Februari 2024. La hasha. Seva zake zipo, nyingi za kulipia, na siku hizi zinabeba mafaili makubwa kuliko mijadala. Faili hukatwakatwa vipande vingi vidogo, kila kipande kikapewa nambari yake. Ili uvipate unahitaji hati ndogo iitwayo NZB, ambayo kazi yake ni kama ile hati ya mzigo anayokwenda nayo wakala wa forodha bandarini: yenyewe si mzigo, bali inataja mzigo uko wapi na una vipande vingapi. Programu ya kuvuta husoma hati hiyo, inaviita vipande kimoja kimoja, inaviunganisha, na kama vichache vimepotea inavitengeneza upya kwa mafaili ya akiba yaitwayo par2. Mpwa wangu anatumia SABnzbd, programu huria isiyouzwa.

Kwa kijiji ambacho mtandao unakuja na kuondoka kama mvua za Singida, hapo ndipo penye utamu. Ukikatika katikati, kilichopotea ni kipande kimoja tu, si faili zima. Jumapili tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika na intaneti ya nchi yetu ikalegea hata Dar es Salaam kwenyewe, kompyuta yake ilikaa kimya ikingoja. Mambo yalipotengemaa ikaendelea pale pale ilipoachia.

Sasa kontena. Tangu mwaka 2013, ilipotoka programu iitwayo Docker, mafundi wameizoea desturi ya kutosimika programu moja kwa moja ndani ya kompyuta. Wanaifungasha pamoja na kila inachohitaji, mithili ya mpishi anayesafiri na jiko, sufuria na viungo vyake mwenyewe. Kifungashio hicho ndicho kontena. Faida yake kubwa ni kwamba likiharibika unalitupa na kuleta jingine jipya, bila kuivuruga kompyuta.

Lakini kontena lina kuta. Halioni diski yako, halijui saa yako, wala halina mlango, mpaka uliambie. Maagizo huandikwa katika faili moja, compose.yaml, na kwa SABnzbd si mengi. Unataja imeji, yaani mfano ambao kontena linatengenezwa kwao. Unafungua mlango namba 8080, ambao kupitia huo utaiona programu kwenye kivinjari. Unaunganisha makabati mawili ya diski yako, moja la mipangilio na moja la mizigo inayoshuka. Unataja namba ya mtumiaji mwenye kompyuta, ili mafaili yasije yakawa mali ya mkuu wa mfumo ukashindwa hata kuyafuta. Na unataja saa za eneo lako.

Hapo kwenye saa ndipo alipokuwamo mwizi wa magunia mawili ya alizeti. Kijana aliipangia programu ianze kuvuta saa sita usiku na isimame saa kumi na mbili asubuhi, muda uleule wa bando lake la usiku. Hakuandika mstari wa saa. Kontena lisipoambiwa, hufuata saa ya dunia, ile ya Greenwich, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Kwa hiyo saa sita ya kontena ilikuwa saa tisa usiku ya Mungaa, na saa kumi na mbili yake ilikuwa saa tatu asubuhi. Kila usiku saa tatu za bando zilipita bure, na kila asubuhi programu iliendelea kuvuta kwa saa tatu nyingine kwa salio la mchana. Na ukitazama ukurasa wake, kila kitu kilionekana sawa! Tuliandika mstari mmoja, TZ=Africa/Dar_es_Salaam, tukalizima kontena na kuliunda upya. Usiku uliofuata lilianza kwa saa ya wanadamu.

Nilirudi mjini nikijiona bingwa. Mwezi Juni akanipigia simu, na safari hii hakuwa amenuna, alikuwa karibu kulia. Alikuwa amepata toleo jipya la SABnzbd, akaliondoa kontena la zamani na kuleta jipya, kama tulivyosifia kwamba ndiyo raha yake. Mizigo ya wiki tatu haikuwapo. Mipangilio ilibaki, mafaili hakuna. Nikamwambia anisomee maagizo yake mstari kwa mstari. Kabati la mipangilio lilikuwa limeunganishwa vizuri. La mizigo lilikuwa na kosa la herufi moja upande wa ndani ya kontena, basi programu ilikuwa ikihifadhi kila kitu ndani ya kuta zake yenyewe. Alipolitupa kontena, alitupa na vilivyomo. Kosa hilo ni langu pia: nilikuwa pale, niliutazama mstari wa saa tu. Dakika moja ya kufungua kabati la kwenye diski na kuangalia kama faili la kwanza limefika ingetuokoa.

Wapo watakaoniuliza kuhusu sheria. Programu yenyewe si haramu. Haramu ni kuvuta filamu na muziki wa watu bila ruhusa, na ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mizigo ya Usenet ni ya namna hiyo. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na COSOTA ipo. Kadhalika, miongozo mingi ya wageni huambatanisha kontena la VPN. Kumbuka kwamba mwezi Oktoba 2023 TCRA ilitaka watumiaji wa VPN hapa nchini wajisajili. Kwa kazi hii wala si lazima. Ukiunganisha na seva kwa mlango namba 563, mazungumzo yenu yamefungwa tayari. Na ule mlango wa 8080 uuwekee nenosiri, usiuachie wazi kwa dunia nzima.

Kuhusu malipo, usikimbilie ada ya kila mwezi. Seva nyingi huuza pia fungu la gigabaiti lisilokwisha kwa tarehe; mtandao ukilala wiki nzima, mali yako haijaoza. Na kwa mtandao dhaifu punguza idadi ya miunganisho, minne inatosha, kuliko ishirini inayosukumana mlangoni.

Nilimwambia mpwa wangu pia, ingawa hakupenda, kwamba mfumo wa Linux unapatikana kwenye tovuti za wenyewe bila kulipia seva yoyote, na zipo programu za kuvuta kutoka huko zinazojua kuendelea baada ya kukatika. Alinijibu, “Mjomba, hilo ungeniambia kabla ya alizeti.” Hata hivyo hajaliacha kontena lake. Fungu alilonunua lina gigabaiti zimebaki, maagizo ameyaandika kwa kalamu na kuyabandika ukutani kibandani, na mstari wa kabati la mizigo ameupigia msitari mwekundu mara mbili.