HESABU MIKARAFUU YAKO KABLA MPANGO HAUJAANDIKWA



Kila mmoja wetu ajua kwamba apandaye mche wa mkarafuu leo hatauchuma mwakani. Atangoja miaka sita, saba, pengine minane, ndipo mti uanze kutoa. Kisha ukitunzwa vema utawazalia hata wajukuu zake. Kwa hiyo mkulima wa karafuu ni mtu wa mipango tangu zamani. Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya mipango ya maendeleo ya kisiwa chetu, na mahali petu ndani yake.

Kwanza tutazame nyuma. Katika zama za Sayyid Said bin Sultan, wenye mashamba waliamriwa wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Amri ile ilifuatwa sana, hata karafuu zikawa nyingi na bei ikaanguka. Kisha Aprili 1872 ikaja tufani iliyong'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika, na tangu hapo ndiyo itoayo karafuu nyingi kutushinda sisi.

Mwaka 1927 kiliundwa Chama cha Wakulima wa Karafuu. Mwaka 1937 sheria ikakipa chama hicho peke yake haki ya kununua karafuu za kupeleka nje. Wafanyabiashara wa Kihindi hawakukubali. Wakagoma, na huko India watu wakaacha kununua karafuu zetu, mpaka suluhu ilipopatikana mwaka 1938. Mpango ulikuwa na nia ya kumlinda mkulima, lakini wenye kuhusika hawakukubaliana kwanza, na biashara ikakwama.

Pigo jingine likatoka Indonesia. Nchi ile ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa, kwa kuwa watu wake huchanganya karafuu na tumbaku katika sigara. Wakapanda mikarafuu yao wenyewe, na kufika miaka ya 1980 hawakutuhitaji tena kama zamani. Bei ikashuka, na mashamba mengi yakaachwa yamee magugu.

Sasa tuje kwa mambo ya siku zetu. Mwaka 2011 Serikali iliamua mkulima apate asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje, na wengi wetu tukarudi shambani. Mwaka 2020 ilitolewa Dira ya Maendeleo ya Zanzibar ya 2050, ukafuata Mpango wa Maendeleo wa 2021 hadi 2026. Humo Uchumi wa Buluu umepewa nafasi ya mbele: utalii, bandari, uvuvi na mwani. Hatuna ugomvi na bahari, kwani wengi wetu tuna ndugu huko. Lakini mpango wa miaka mitano ni mfupi kuliko umri wa mche kufikia kuzaa. Mche usipotajwa katika mpango mmoja, hasara yake itaonekana katika mpango wa pili au wa tatu.

Na hasara yenyewe imekwisha anza. Ukitoka Mjini kwa njia ya Mwera au ya Bububu utaona nyumba zimesimama palipokuwa na mashamba. Wazee wetu waligawiwa eka tatu tatu baada ya Mapinduzi ya 1964 ili walime. Watoto wakigawana eka hizo vipande vipande, na mikarafuu mizee ikifa bila kupandwa mingine, hapatabaki kitu cha kupangia.

Basi yatupasa tufanye mambo matatu.

La kwanza, tuhesabu. Vikaoni tukiulizana nani ajua idadi ya mikarafuu yake, mikono huwa michache. Andika mizee mingapi, inayozaa mingapi, michanga mingapi, na kilo ngapi uliuza kila msimu.

La pili, tuipeleke hesabu hiyo kwa Sheha na katika vikao vya Wilaya wakati mipango inapotayarishwa. Anayepanga akiona karatasi yenye idadi ya miti na jina la shehia, hawezi kusema hakujua.

La tatu, tusitegemee zao moja wala mnunuzi mmoja. Mche mchanga wataka kivuli, basi upande pamoja na migomba, na kando yake mdalasini, pilipili manga na iliki. Wageni watokao Mji Mkongwe huja Kizimbani na Kidichi kutazama viungo na kuvinunua. Mwenye shamba safi lenye miti ya namna nyingi hupata fedha hata mwaka ambao mikarafuu imekataa kuzaa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari halina bei kubwa. Linunue wiki hii, ingia shambani na mwanao mmoja, mwanze kuhesabu kutoka mti wa mpakani.