Mwalimu Aliyechora Ukutani

Leo tuitazame kazi ya mama mmoja wa Meksiko, Aurora Reyes. Alizaliwa mwaka 1908, akafariki mwaka 1985. Alikuwa mchoraji, tena mwalimu wa kuchora katika shule za msingi.

Mwaka 1936 alichora picha kubwa kwenye ukuta wa shule, katika mji mkuu wa nchi yake. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Meksiko kuchora picha za ukutani za namna hiyo. Picha inamwonyesha mwalimu wa kijijini, mwanamke, ameangushwa chini. Mtu mmoja anamvuta nywele. Mwingine anampiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Watoto wamejificha, wanachungulia.

Mbona apigwe mdomoni? Miaka ile serikali ilikuwa ikigawa mashamba ya mabwanyenye kwa wakulima. Walimu wa vijijini walifundisha kusoma, na wengi wao waliwasaidia wakulima kudai ardhi. Wenye mashamba waliwachukia. Wapo pia waliopinga shule za serikali kwa ajili ya dini. Walimu wengi walishambuliwa, wengine wakauawa. Basi anayempiga mdomo anataka kulizima neno.

Picha ya ukutani haifungiwi sebuleni kwa tajiri. Hata asiyejua kusoma anaielewa.

Nasi tukiona picha, tusiseme tu, "Nzuri hiyo!" Tujiulize: nani anapigwa, na nani, kwa sababu gani? Huko ndiko kusoma picha.