MUHULA WA KIANGAZI KATIKA SHULE ZA KANISA HUKO UINGEREZA
Jinsi watoto wa darasa la sita wanavyotiwa moyo wakati wa mtihani

Mwaka wa shule nchini Uingereza hauanzi mwezi wa Januari kama ilivyo desturi katika Kenya. Huanza Septemba, nao umegawanywa katika mihula mitatu. Muhula wa tatu, uitwao muhula wa kiangazi, huanza mwezi wa Aprili na kwisha katika siku za mwisho za Julai. Msomaji asidhani kwamba kiangazi hicho ni kama kile cha Ukambani, cha vumbi na visima vilivyokauka. Huko ni majira ya nchi kuwa kijani, miti kujaa majani, na siku kurefuka kupita kiasi. Katika mwezi wa Juni jua la London halizami mpaka imepita saa tatu ya usiku, na mama hulazimika kufunga mapazia mazito ili mtoto apate kulala. Mtoto hubisha kwamba usiku haujaingia, na kwa kweli hasemi uongo.

Katika majira hayo mazuri, ambayo kila mtoto angependa kuwa nje akicheza, ndipo unapokuja mtihani mkubwa wa shule za msingi. Jinsi shule zinavyopatanisha mambo hayo mawili ni habari inayofaa kuelezwa, hasa kuhusu shule za kanisa, kwa kuwa wazee wengi wa Kenya walisoma katika shule za misheni zilizofuata mfano wa shule hizo.

Katika mwaka 1811 wafuasi wa Kanisa la Kiingereza walianzisha chama cha kuwafundisha watoto wa maskini. Serikali haikuwa bado na shule zake yenyewe. Sheria iliyoruhusu kujengwa kwa shule za umma ilipitishwa mwaka 1870, na wakati huo kanisa lilikuwa limekwisha kujenga shule katika vijiji vingi. Sheria nyingine, ya mwaka 1944, ndiyo iliyopanga ushirika wa kanisa na Serikali. Shule za namna moja zilibaki chini ya kanisa zaidi, nalo kanisa likachukua sehemu ya gharama za majengo. Za namna ya pili zilitegemea fedha za Serikali kabisa, na kanisa likabaki na sauti ndogo zaidi katika baraza la shule. Siku hizi ziko shule za Kanisa la Kiingereza kama 4,600, nyingi sana zikiwa za msingi, zenye wanafunzi wapatao milioni moja. Wazazi hawalipi karo, na mishahara ya walimu hutoka katika fedha za umma. Watoto wa dini nyingine huingia pia, na mzazi ana haki ya kumtoa mtoto wake katika sala ya pamoja ikiwa hapendi ashiriki.

Mtihani wenyewe hufanywa na watoto wa darasa la sita, wenye umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, katika mwezi wa Mei. Ni mtihani wa Uingereza yenyewe tu. Scotland na Wales zina taratibu zao. Katika mwaka 2025 ulianza Jumatatu, tarehe 12 Mei, ukamalizika Alhamisi. Siku ya kwanza ni ya sarufi na alama za kituo, kwa dakika 45, kisha hufuata imla ya maneno ishirini ambayo mwalimu huyasoma na watoto wakayaandika. Siku ya pili ni kusoma: mtoto hupewa kijitabu chenye habari tatu na muda wa saa moja kuzisoma na kuyajibu maswali yake. Siku mbili zilizobaki ni za hesabu, karatasi tatu kwa jumla, na mashine ya kuhesabia hairuhusiwi hata moja. Insha haimo katika mtihani huu. Kazi ya kuandika hupimwa na mwalimu wa darasa mwenyewe, kwa kutazama yale aliyoyaandika mtoto katika mwaka mzima.

Ulinzi wa karatasi ni mkali. Bahasha hufika zikiwa zimefungwa, huwekwa chini ya kufuli, na hazifunguliwi mpaka saa ya mtihani. Wakaguzi wa wilaya wanaweza kufika bila taarifa. Kila kitu kilichobandikwa ukutani ambacho chaweza kumsaidia mtoto, kama jedwali la kuzidisha au orodha ya maneno magumu, huondolewa au kufunikwa, hata chumba ambacho juma lililopita kilikuwa na rangi nyingi huonekana kama nyumba inayohamwa. Huenda watoto wadogo wakashangazwa na kuta tupu kuliko na maswali yenyewe.

Ndipo kazi ya kutia moyo inapoanza. Shule nyingi huwaita watahiniwa mapema na kuwapa chamshakinywa pamoja: mkate wa kuoka, matunda, maziwa. Jambo hilo lina faida mbili. Hakuna mtoto anayeingia chumbani na njaa, na wote huketi nusu saa wakicheka na kuongea pamoja na mwalimu wao kabla ya kukabili karatasi. Katika shule za kanisa kuna sala ya asubuhi pia. Sheria inataka sala ya pamoja kila siku, kwa hiyo sala ya juma la mtihani si jambo geni lililozushwa kwa hofu. Ni desturi ile ile ya kila siku, isipokuwa safari hii darasa la sita hutajwa. Msomaji wa Kenya aliyewahi kuhudhuria ibada ya kuwaombea watahiniwa ataielewa mara moja. Tofauti ni kwamba ya Uingereza ni fupi na ya kimya, wala haina wageni wa heshima wala hotuba.

Walimu hodari huwa waangalifu katika maneno yao. Hawamwambii mtoto kwamba maisha yake yote yanategemea juma hili, kwa sababu si kweli. Humwambia asome swali mara mbili. Akikwama aliruke na kulirudia baadaye. Asiache nafasi tupu, kwa kuwa jibu lililokosewa halimpunguzii alama. Mtoto mwenye shida ya kusoma au ya kuandika anaweza kupewa muda zaidi, au msaidizi wa kumwandikia jibu analolitamka, ikiwa ndivyo anavyosaidiwa darasani siku zote. Wazazi nao huombwa mambo machache: mtoto alale mapema ijapokuwa jua lingalipo, na nyumbani isiwe mazungumzo ya mtihani peke yake. Mzazi anayeahidi baiskeli kwa kila karatasi, pengine bila kujua, anamwongezea mtoto mzigo badala ya kumpunguzia.

Hapana budi kueleza sasa kwa nini mtihani huu ni tofauti na ule ambao familia za Kenya ziliuzoea. Mtihani wa mwisho wa darasa la nane nchini Kenya, tangu mwaka 1985 hata mwaka 2023 ulipofanywa kwa mara ya mwisho, ulikuwa mlango: alama zake ndizo zilizoamua shule ya sekondari atakayoingia mtoto. Kule Uingereza mtoto wa darasa la sita anaijua shule yake ya sekondari tangu tarehe 1 Machi, yaani miezi miwili na zaidi kabla ya kuketi mtihani, na nafasi hiyo haiondolewi kwa alama za Mei. (Ziko bado sehemu chache, kama Kent na Lincolnshire, ambako mtihani mwingine huchagua watoto wa kuingia shule za sekondari za namna ya pekee, lakini huo hufanywa mwanzo wa mwaka wa shule, si Mei.)

Basi, ikiwa mlango umekwisha kufunguliwa, hofu hutoka wapi? Hutoka kwa wakubwa. Matokeo ya kila shule hutangazwa, na kila mzazi anaweza kuyasoma na kulinganisha shule ya kijiji chake na ya kijiji cha jirani. Wakaguzi wa Serikali huyatazama kabla ya kuja. Shule ndogo ya kanisa yenye watoto kumi tu katika darasa la sita iko katika hali ngumu zaidi, maana watoto wawili wakiugua asubuhi ya hesabu, hesabu ya shule nzima hushuka kwa sehemu ishirini katika mia. Mwalimu mkuu anaijua hatari hiyo, mwalimu wa darasa anaijua, na mtoto, ambaye hakuambiwa neno, huisoma nyusoni mwao. Kuna shule ambazo tangu Januari hazifundishi neno ila karatasi za miaka iliyopita, zikiacha uchoraji, muziki na hata habari za nchi. Wazazi wengi na vyama vya walimu wamelalamikia jambo hilo, na mwaka 2010 vyama viwili vya walimu vilisusia mtihani, hata shule nyingi hazikuufanya.

Habari ya mwaka 2023 yaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kwenda. Mtihani ulisogezwa mbele siku moja, kwa kuwa Jumatatu ya tarehe 8 Mei ilikuwa sikukuu ya kutawazwa kwa Mfalme Charles III. Karatasi ya kusoma ilipofunguliwa ilikuwa ndefu na ngumu, hata watoto waliokuwa wasomaji wazuri hawakuweza kuimaliza. Magazeti yaliandika habari za watoto waliotoka wakilia, na walimu wakuu waliandika barua za malalamiko. Watoto wale walikwenda nyumbani wakiamini kwamba wameshindwa.

Lakini alama za mtihani huu hazisomwi kama zilivyo. Hubadilishwa kuwa katika kipimo kinachoanzia 80 na kuishia 120, ambapo 100 ni kiwango kinachotazamiwa. Karatasi ikiwa ngumu kuliko ya mwaka uliopita, idadi ya alama zinazotakiwa ili kufika 100 hupunguzwa. Mwaka 2022 mtoto alihitaji alama 29 katika 50 za kusoma. Mwaka 2023 alihitaji 24 tu. Kwa hiyo watoto wengi waliolia mwezi wa Mei waligundua katika Julai kwamba walikuwa wamefaulu. Utaratibu huo ni wa haki, lakini ungalifaa zaidi kama watoto wangalielezwa mapema, maana machozi ya siku ile hayakurudishwa na hesabu ya Julai.

Hata hivyo haifai kumdanganya mtoto kwamba wote hufaulu. Mwaka 2025 watoto 62 katika kila mia walifikia kiwango katika kusoma, kuandika na hesabu kwa pamoja. Kabla ya maradhi ya korona, mwaka 2019, walikuwa 65. Mtihani haukufanywa kabisa miaka ya 2020 na 2021. Asiyefikia kiwango haambiwi arudie darasa. Huingia sekondari pamoja na wenzake, na walimu wapya hupewa habari zake ili wajue wapi wamsaidie.

Alhamisi mchana kalamu huwekwa chini, na kuanzia hapo muhula hubadilika sura kabisa. Baada ya likizo ya juma moja mwishoni mwa Mei, mtihani huwageukia wadogo: darasa la kwanza husoma maneno arobaini kwa sauti mbele ya mwalimu, mengine yakiwa ya kubuniwa tu ili kujua kama mtoto anazifahamu sauti za herufi, na darasa la nne huulizwa maswali ishirini na matano ya kuzidisha, sekunde sita kwa kila moja. Darasa la sita limekwisha kuwa huru. Wengi huenda kupiga kambi siku chache, wakalala mbali na wazazi kwa mara ya kwanza. Kuna siku ya michezo, yenye mbio za magunia na zile za kukimbia na yai katika kijiko, na wazazi hujipanga kando ya uwanja wakiwa na miavuli, kwa kuwa kiangazi cha Uingereza hakiaminiki. Kuna mchezo wa kuigiza unaotayarishwa na watahiniwa wenyewe, na Jumamosi moja ya kuuza keki na vitu vikuukuu uwanjani ili kupata fedha za vitabu.

Mapema Julai huwa na siku ambayo watoto wa darasa la sita huenda kuitazama sekondari yao mpya. Wale waliokuwa wakubwa kuliko wote katika shule ya msingi hugundua asubuhi hiyo kwamba watakuwa wadogo kuliko wote. Wengine hurudi wakisema hawawezi kulala, na walimu husema kwamba hofu hii ni kubwa kuliko ile ya Mei.

Ibada ya kuagana ndiyo ya mwisho. Majimbo mengi ya kanisa huwaita watoto wa darasa la sita kutoka shule zote katika kanisa kuu la askofu, wakajaa mamia kwa mamia chini ya dari refu la mawe, wengi wao wakiwa hawajawahi kuingia humo. Shule kadhaa humpa kila mtoto Biblia yenye jina lake. Kisha katika siku ya mwisho, katika shule yenyewe, watoto huandikiana majina kwa wino juu ya mashati yao meupe ya shule, na kwa mara moja katika miaka saba hakuna mwalimu anayewakataza.